Pedi ya Pili Apewe Nani?

  

Leo safu yenu inaingia kibandani. Siyo kibanda cha chipsi, hapana. Nasema kile cha gemu, chenye pazia mlangoni, benchi la mbao na TV moja ambayo rangi yake imeanza kuelekea kwenye ujani. Humo masela wamekaa bega kwa bega, hakuna anayepumua, vidole tu ndiyo vinafanya kazi. Na kitu chenyewe ninachotaka tukizungumze ni kile kilichomo mikononi mwao: pedi. (Akina dada msininunie. Najua neno hilo lina kazi nyingine kule duka la dawa. Sikulianzisha mimi, vijana wa gemu ndio waliolikopa na hawajalirudisha.)

Kwa nini pedi? Kwa sababu pana dhuluma inafanyika hapo kila Jumamosi na watu wanaichekea. Sheria ya kibanda mnaijua: anayefungwa analipa, halafu anaachia kiti. Sasa mwenyeji anashika pedi safi, mgeni anatupiwa ile ambayo kitufe chake cha kukimbilia kimekufa tangu Pasaka. Mechi inaanza. Mshambuliaji wa mgeni anatembea kama anakwenda sokoni kununua nyanya, beki wa mwenyeji anampita kama pikipiki. Bao tatu bila. Mgeni anatoa hela, anatoka, na nyuma yake kicheko. Hivi hapo kafungwa mtu au imefungwa pedi?

Msidhani dhuluma hii ilizaliwa Soweto ya Mbeya au Kihesa ya Iringa. Ilitoka nayo kiwandani, bwana.

Turudi nyuma. Julai 15, 1983, kampuni ya Nintendo kule Japani ilitoa mashine iitwayo Famicom. Ilikuwa na pedi mbili, zimechomekwa ubavuni mwa mashine kama simu inavyokaa kwenye kiota chake, na nyaya zake zimeungwa moja kwa moja ndani. Huwezi kuchomoa. Pedi ya kwanza ilikuwa na vitu vyote: msalaba wa kuelekeza upande wa kushoto, vitufe A na B upande wa kulia, na katikati vitufe viwili vidogo, Select na Start. Pedi ya pili? Select hakuna, Start hakuna! Badala yake waliweka kinasa sauti kidogo ili mchezaji apige kelele na gemu lisikie. Maana yake ni nini? Ni kwamba wa pedi ya kwanza ndiye anayeanzisha gemu, ndiye anayelisimamisha akitaka kujikuna, ndiye anayechagua. Wa pedi ya pili ni abiria. Anaweza kupiga kelele, basi.

Kwa kaka na mdogo wake ndani ya sebule moja, sawa, hakuna neno. Kaka ndiye kaka. Lakini mtindo huo ulinakiliwa na viwanda vya Asia vilivyotengeneza mashine za kuiga, zile za bei poa zilizosambaa Afrika, Urusi na kwingineko, zenye kanda za plastiki zilizoandikwa kwamba zina magemu laki kadhaa ndani ya kanda moja. Ukihesabu unakuta magemu kumi na kitu yanarudiwa kwa majina tofauti. Katika nyingi ya mashine hizo, pedi ya pili ilibaki bila Start wala Select. Kwa hiyo mtu wa huku kwetu aliletewa ukaka wa Kijapani bila kuulizwa.

Ule msalaba, lakini, hapana. Pale lazima tuvue kofia. Aliyeubuni ni Gunpei Yokoi, fundi wa Nintendo, na mara ya kwanza ulionekana mwaka 1982 kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong, kile kinachokunjwa kama kioo cha kujipodolea. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia fimbo. Ile ya Atari ya mwaka 1977, kwa mfano, ni fimbo moja nyeusi na kitufe kimoja chekundu, na ukiishika dakika 20 kiganja kinauma kama umelima. Yokoi akasema dole gumba linatosha. Akaweka kipande kimoja cha plastiki chenye mikono minne, katikati kuna kinundu cha kuegemea. Ukibonyeza kushoto, kulia kunainuka kwenyewe. Huwezi kubonyeza kushoto na kulia kwa pamoja hata ukitaka. Na huhitaji kutazama: dole gumba lenyewe linajua liko wapi.

Huyu Yokoi alikuwa na falsafa yake ambayo fundi yeyote wa Mwanjelwa angeielewa bila mkalimani. Alisema usikimbilie teknolojia mpya ya gharama; chukua ile iliyokwisha kuzoeleka, iliyoshuka bei, iliyokauka kabisa, halafu uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Vigemu vyake vya mkononi vilitumia vioo vilevile vya kikokotoo. Alifariki kwa ajali ya barabarani Oktoba 1997, na sidhani kama aliwahi kuisikia Mbeya. Lakini falsafa hiyo ndiyo iliyoziwezesha pedi kuishi huku. Nitawaonyesha.

Kwanza muelewe mashine hizi zilikuta nini. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Bara tulikaa bila kituo chochote mpaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam, na Nyanda za Juu Kusini tuliendelea kusubiri baada ya hapo, maana milima hii haiwaonei huruma watu wa antena. Kwa hiyo kulikuwa na nyumba zenye TV ambayo ukiiwasha unaona chenga tupu. TV ile ilikuwa na kazi mbili: mkanda wa video, na gemu. Unachomeka waya wa mashine pale pa antena, unazungusha kutafuta stesheni, chenga zinapungua, mara picha hiyo! Kuna vijana wa huku walioshika pedi kabla hawajawahi kumwona mtangazaji wa habari kwenye kioo. Sasa mtu wa Dar akikwambia wa Mbeya ni mshamba wa teknolojia, mwulize yeye alianza na nini.

Na Mbeya, ndugu zangu, ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita, lori la Zambia linapita, la Kongo linapita. Iringa nayo imekaa juu ya barabara hiyohiyo. Vitu huwa vinafika. Shida ni vikiharibika.

Haya, tuifungue pedi. Bisibisi ndogo, skrubu chache nyuma, fungua taratibu maana mipira itaruka. Ndani utashangaa: karibu hakuna kitu! Kuna bodi nyembamba yenye michoro myeusi ya kaboni, kuna vipande vya mpira vyenye vidoti vyeusi chini yake, na kuna kidude kimoja cha elektroniki. Ukibonyeza A, mpira unashuka, kidoti kinagusa mchoro, umeme unapita. Ukiachia, mpira unajiinua. Ndiyo hivyo tu.

Kwenye waya mnapita nyuzi tano. Vitufe ni vinane, nyuzi ni tano, na mbili kati ya hizo ni za umeme tu. Inakuwaje? Fikirieni konda wa daladala. Mashine inapaza sauti: "Haya, tulieni hapo!" Halafu inapita siti kwa siti kwa mpangilio uleule: A, umebonyezwa? B je? Select? Start? Juu? Chini? Kushoto? Kulia? Majibu nane yanarudi kwa uzi mmoja, mmoja baada ya mwingine. Kisha konda anaanza upya. Anafanya hivyo mara 50 kwa sekunde kwenye TV za mfumo wetu, mara 60 kwa zile za Marekani na Japani. Ndiyo maana unaona kama mwanasesere wa kwenye kioo anatii papo hapo.

Ukishaelewa hilo, umeshakuwa nusu fundi. Kitufe kimoja kikifa na vingine vizima, mpira wake umechoka. Vikifa vyote kwa mpigo, uzi umekatika, na mara nyingi umekatikia shingoni, pale waya unapoingilia kwenye pedi, kwa sababu watu wana tabia ya kuizungushia waya kama wanafunga kuni. Unakata kipande, unachuna, unatia lehemu upya, pedi inarudi fupi kidogo lakini nzima. Mpira uliochoka je? Hapo ndipo karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inapopata heshima. Unakata kiduara kidogo, unagundisha chini ya kile kidoti, kitufe kinafufuka. Wengine wanapaka penseli. Inashika kwa muda, siyo mbaya.

Hakuna kilichoagizwa Japani hapo. Fundi wa redio aliyejifunzia kazi kwenye redio za mkulima anaitengeneza akiwa amekaa kwenye kigoda. Ndiyo teknolojia iliyokauka hiyo, mzee Yokoi aliyoisema.

Baridi nayo isisahauliwe. Mwezi wa sita na wa saba, Uyole au Forest, asubuhi vidole vinakuwa vigumu kama ukuni mbichi. Utawaona watu wanaingiza pedi ndani ya koti, wanaipulizia pumzi, wanasugua viganja. Wa Dar hajui hiyo. Kuna ushindi mwingi sana wa Julai ambao ulikuwa wa aliyekaa karibu na jiko la mkaa!

Mashine za kuiga zilikuja na ujanja wake pia. Juu ya A na B wakaongeza vitufe viwili vya kufyatua mfululizo. Kwenye gemu la Contra wewe unashikilia tu, risasi zinamwagika zenyewe kama mvua ya masika, mwenzako mwenye pedi ya kawaida anapampu kidole mpaka ukucha unalia. Je, ni halali? Vijiwe viligawanyika. Mimi nasema kama pedi zote mbili zinacho, halali. Kama moja tu ndiyo inacho, huo ni wizi wa mchana, na ndiyo kesi yetu ileile.

Na kwa kuwa nimeitaja Contra, wapo watakaonilaumu nisipoutaja ule mkong'oto wa siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unapata roho 30. Aliyeuweka anaitwa Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Alikuwa anahamishia gemu la Gradius kwenye Famicom mwaka 1986, likamshinda kwa ugumu, akajiwekea njia ya mkato ya kulijaribia, kisha akasahau kuiondoa. Amefariki mwaka 2020, na vidole vya watu wazima wenye familia zao bado vinaikumbuka bila kutumwa.

Bunduki ya bata nitaipitia haraka. Kile kilikuwa kidude kijanja: ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kwa nukta ndogo sana, halafu pale alipo bata panawaka kisanduku cheupe. Bunduki haitoi kitu, ina jicho tu. Ikiona giza kisha nuru, umepiga. Ilifanya kazi na zile TV za mgongo, na kwa hizi bapa za siku hizi imekufa kifo cha kudumu. Ukiuziwa leo sokoni, umeuziwa pambo la kabati.

Sasa tufike kwenye kibanda chetu. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, ya pili Machi 2000, na hiyo ya pili ndiyo iliyoteka vibanda vyote hivi. Imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na kiwandani waliacha kuitengeneza Januari 2013, lakini nenda kibanda cha pembeni uone kama wameipata taarifa hiyo. Pedi yake ilichorwa na Teiyu Goto. Badala ya herufi akaweka maumbo. Pembetatu ni kichwa cha mtu, yaani mtazamo. Mraba ni karatasi. Duara ni ndiyo. Eksi ni hapana. Ulaya na Marekani wakaja kugeuza, eksi ikawa ndiyo. Kwa hiyo mkiweka diski ya Winning Eleven ya Kijapani baada ya ile ya Ulaya, ugomvi: mtu anabonyeza kukubali, kumbe kakataa, timu imerudi mwanzo.

Kilichobadilisha kesi yetu ni plagi. Pedi za PlayStation zinachomoka, na zote mbili ni sawasawa, kila moja ina Start yake na Select yake. Nintendo nao walikwisha kufanya hivyo kwenye mashine waliyoipeleka Marekani mwaka 1985. Kiwandani dhuluma ikaisha. Lakini kibandani tukaifufua wenyewe, kwa uchakavu! Pedi inayoshikwa na sebule moja na pedi inayoshikwa na mikono mia kuanzia asubuhi mpaka mwenye kibanda afunge si kitu kimoja. Kwenye soka, R1 ndiyo mbio, L1 ndiyo kubadilisha mchezaji. Hivyo viwili vinakufa kwanza. Halafu kuna vile vijiti viwili vya kuzungusha: ndani yake kuna kijisehemu kinachosuguana na kinapolika, mchezaji wako anatembea peke yake kama kalogwa. Kijiti kile si mpira wa kubandika karatasi ya sigara. Hapo fundi anakuna kichwa, anatafuta pedi nyingine iliyokufa ili apate spea. Ajabu ni kwamba Sega walishaweka sumaku ndani ya kijiti cha Dreamcast mwaka 1998, hakuna kusuguana, na bado miaka yote hii tunauziwa vya kusuguana.

Najua wenye vibanda watasema mimi nawaharibia. Hapana, nawahurumia. Mtaji wao wote ni TV, mashine na pedi mbili. Pedi moja ikifa Jumamosi saa nane, biashara ya siku imekufa, maana nani analipia kucheza na kompyuta? Ndiyo maana utakuta waya umefungwa kwenye msumari, pedi imezungushiwa gundi ya plasta, na mwenye mali amekaa na rula anawatandika wanaogonga vitufe kwa hasira. Na umeme nao! Mgao wa mwaka 2006 uliwafilisi wengi. Maji yanatoka kwetu Usangu, yanashuka na Ruaha mpaka Mtera na Kidatu, umeme unazalishwa, halafu sisi tunakaa gizani tunabishana kama mechi ya mbili bila ihesabiwe au irudiwe.

Lakini hela ya yule mgeni ni hela. Wengine ndiyo nauli ya kurudi Ipogolo, na kupanda na miguu kutoka kule au kushuka usiku si mchezo. Kwa hiyo napendekeza hivi. Timu zinapobadilishana goli wakati wa mapumziko, wachezaji nao wabadilishane pedi. Siyo kubadilishana timu, hapana. Chomoa plagi zote mbili, ya kushoto ichomeke kulia, ya kulia kushoto, kisha mpeane pedi. Inachukua sekunde kumi. Yule mwenye pedi mbovu ataumia dakika 45 tu, na mwenzake ataonja zilizobaki. Mwenye kibanda asiyetaka hilo, basi aandike kwa kalamu mgongoni mwa pedi ni kitufe gani kimekufa, na mgeni achague kwanza.

Na wewe unayekwenda kununua pedi, usikubali kusomewa maandishi ya boksi. Ipime uzito mkononi: ile halisi ina mota mbili za mtetemo ndani, ya kushoto kubwa, ya kulia ndogo, na nyepesi kama kiberiti mara nyingi ni ganda tu. Itikise, isilie kama njugu. Bonyeza R1 na L1 mara ishirini ishirini, zisichelewe kurudi. Kunja waya shingoni huku mwenzako anacheza. Achia kijiti uone kama mchezaji anasimama. Muuzaji akikataa usiijaribu kwenye TV, mwambie asante kaka, tutaonana.

Wiki ijayo tunahamia saluni, nimeletewa malalamiko kuhusu mtu aliyenyolewa upande mmoja umeme ukakatika. Tuonane panapo majaliwa.